Besi Mpaka kwa Figo

Katika nchi hii iafoni huuzwa kwa besi. Ingia duka lolote la simu kule Nakuru, au simama kwenye kibanda cha mlango mmoja hapa kwetu Elburgon karibu na steji, uulize unachotaka kuuliza. Zinadumu? Zinakaa sikioni bila kudondoka? Mwimbaji anasikika anachosema? Jibu ni lile lile. "Mzee, hii iko na besi. Utaisikia mpaka kwa figo." Mimi na figo zangu hatuna ugomvi. Kwa umri huu nazishukuru kwa kazi zake nyingine, na sijawahi kupokea malalamiko kutoka huko kwamba zimenyimwa muziki.

Kuuza iafoni kwa besi ni sawa na kuuza githeri kwa kusifu chumvi. Chumvi lazima iwepo, sikatai, lakini nipe kwanza habari za mahindi na maharagwe.

Na muziki wetu, jamani, chakula chake chote kiko katikati. Benga, rumba ya Nairobi, nyimbo za marehemu Joseph Kamaru, zile santuri zilizokuwa zikitoka kwa Chandarana pale Kericho, ng'ambo tu ya Mau Summit: kote huko msimulizi ni gitaa. Sauti ya mtu inaingia, gitaa linaipisha, linairudia, linaikosoa. Besi nayo inatembea nao ikisema maneno yake kwa adabu. Sasa mchukue D. O. Misiani wa Shirati Jazz umtie kwenye iafoni iliyotengenezwa kwa ajili ya kutikisa figo. Gitaa linazama, ngoma inavimba, na Misiani mwenyewe unamsikia amefungiwa stoo na ufunguo umepotea. Halafu kijana wa duka anakutazama usoni akingoja ucheze.

Najua ninachonyimwa kwa sababu nyumbani ninacho. Nina hedifoni, Sony MDR-7506, niliyopewa na mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa na studio ya kurekodi nyimbo za injili Nakuru. Siku hizi kila kwaya inajirekodi kwa simu chini ya mti, kwa hiyo studio ilifungwa, mwenyewe akageukia kuku wa mayai, na vitu vikagawanywa. Mimi nikaangukiwa na hedifoni. "Mwalimu, hii usiuze," akaniambia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia mimi kumwambia asipoteze kitabu cha shule.

Aina hii ya hedifoni ilitoka mwaka 1991 na bado inatengenezwa. Ukimwona mtangazaji au fundi wa sauti kwenye picha amevaa kitu cheusi chenye mstari wa buluu na waya uliosokotwa, mara nyingi ndiyo hiyo. Haikuundwa ili imbembeleze mtu. Iliundwa ili fundi asikie makosa: mwimbaji akivuta pumzi, kidole kikiteleza kwenye waya wa gitaa, kiti kikilia mahali kisipotakiwa. Nilipoivaa mara ya kwanza niliweka "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Wimbo huo nimeusikia tangu miaka ya mwisho ya sabini, kwenye redio, kwenye arusi, na katika baa ambazo mke wangu anaamini sijawahi kuzikanyaga. Nilidhani naujua. Kumbe ile besi ya Tom Malanga, ambayo matatu zote za Kenya zimeigeuza kuwa mtetemo wa viti, ni mtu anayeongea! Inauliza, inasubiri, inajijibu. Gitaa la kati linasuka pembeni bila haraka, na kila mtu ana nafasi yake ya kusimama. Nilikaa kwenye kiti changu mpaka chai ikaganda.

Tatizo ni kwamba hedifoni hiyo ni ya kukaa nayo nyumbani. Waya wake unavutika kufikia kama mita tatu, na huko mwisho unakaa chumba kizima. Ukivaa ukienda mjini utafikiriwa umeajiriwa na kampuni ya kuongoza ndege. Tena hapa kwetu kuna suala la marvin, ile kofia ya baridi. Elburgon mwezi wa Julai si mahali pa kutoka na kichwa kitupu. Ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa barabarani mpaka saa nne. Kichwa kimoja hakiwezi kubeba marvin na hedifoni kwa wakati mmoja. Nimejaribu kuanza na hii, nikajaribu kuanza na ile. Njia zote mbili zinanifanya nifanane na mtu aliyetoroka hospitali.

Halafu kuna kelele, na hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Mji wetu ni wa mbao. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Ilisema ni kwa siku 90. Zikazaa miaka mitano na ushei. Misumeno ikanyamaza. Sisemi kwamba nilifurahi, maana kimya kile kilikuwa cha njaa. Watu niliowafundisha hesabu walifunga yadi, madereva wa malori ya magogo wakawa wauza viazi, na wengine walihama kabisa. Lakini masikio hayana siasa. Yalizoea. Nilikuwa nikisikiliza muziki mchana, dirisha wazi, na kilichonisumbua ni jogoo tu. Julai 2023 Rais Ruto akatangaza, hapa jirani Molo, kwamba marufuku imeondolewa. Nilishangilia na wenzangu, kwa sababu jirani yangu ana mashine ya kupasua mbao na ana watoto wanaotakiwa karo. Mashine yake ilipoamka, iliamka na deni la miaka mitano. Msumeno wa mviringo ukiingia kwenye saiprasi hutoa sauti inayokaa mahali pale pale pa mwimbaji, hapo hapo katikati. Kumnyamazisha siwezi, ana haki yake. Basi mimi ndiye wa kuziba masikio, na nikaona heri nizibe kwa kitu chenye muziki.

Njia ya Nakuru nayo ni shauri lingine. Kutoka hapa kupitia Njoro, matatu ina spika chini ya kiti changu. Nikisema kiti changu namaanisha kiti chochote nitakachokaa, kwa sababu spika hunifuata. Dereva anapenda muziki wa mugithi na mimi pia naupenda, ila si kupitia uti wa mgongo. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na siku moja nilimtajia kondakta. Alinisikiliza kwa heshima zote, akasema, "Mzee, songa kidogo huyu mama akae," akaongeza sauti. Ukitaka kusikia wimbo wako ndani ya ghasia hiyo kwa iafoni zisizoziba vizuri, unapandisha sauti mpaka mwisho, na hapo ndipo mtu anapojiharibia. Shirika la Afya Duniani linasema kiwango salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Ndani ya lile gari naamini posho yangu ya wiki huisha kabla ya kufika Njoro.

Kwa hiyo nilitaka kitu chepesi tu kukisema: sauti ile ile ya hedifoni yangu, iliyokunjwa ikatoshea mfuko wa shati. Nikaondoka kwenda Nakuru. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na ninatarajia makubwa kutoka kwa jiji.

Kijana wa duka la kwanza alinipokea vizuri. Alitoa iafoni kutoka kwenye boksi lililokuwa wazi, akafuta vimpira vyake kwenye suruali, akaninyooshea. Vimpira vile vilikuwa vimekwisha kutembelea masikio ya wadi nzima. Nikaomba vipya, akanitazama kama niliyeomba kiti cha gavana. Nikaomba anichezee rumba. "Rumba ni ya msanii gani, buda?" Nikamwambia basi tafuta Les Wanyika. Akatafuta, akapata kitu kilichochanganywa upya na kuongezewa ngoma za juzi, akaniangalia kwa kiburi. Nikamuuliza kama ana iafoni ambayo sauti ya mtu inasikika mbele. Akafikiri, akasema anazo za kupigia simu. Na zile za boksi zuri? Hizo ni orijino, mzee. Nikavaa miwani nikasoma boksi. Jina la kampuni maarufu lilikuwa na herufi moja zaidi ya zile lilizopewa na wazazi wake. Nilifundisha imla kwa muda mrefu. Siwezi kununua kosa la imla. "Basi shika na soo tatu," akasema, na bei hiyo ya shilingi mia tatu ilikuwa ishara kwamba hata yeye alikuwa amesoma.

Niliporudi nilimlalamikia binti yangu, kitinda mimba, anayesoma fizikia pale Chuo Kikuu cha Egerton na anayekuja nyumbani wikendi kula na kunisahihisha.

"Baba, hutapata zinazofanana sawasawa. Sikio lako ni sehemu ya spika."

"Kwa hiyo nilitakiwa niende nalo dukani?"

"Ulienda nalo, Baba. Ndilo tatizo."

Akanichorea nyuma ya risiti ya unga. Hedifoni kubwa inakaa nje, inarusha sauti kwenye sikio zima, kwenye ile mikunjo yote ambayo mama zetu walikuwa wakiivuta, ndipo sauti iingie kwenye tundu. Tundu lenyewe ni mfereji wa karibu sentimita mbili na nusu, umezibwa upande wa ndani na kiwambo cha sikio. Mfereji wa urefu huo una sauti unayoipenda na kuikuza bila kuombwa, maeneo ya mitetemo 3,000 kwa sekunde. Tangu umezaliwa kila unachosikia kimeongezewa hapo, na ubongo umekubali kwamba dunia ndivyo ilivyo. Sasa unachomeka kitu ndani. Mikunjo imerukwa, mlango umezibwa, na ule mwangwi wa asili umevurugika. Mtengenezaji lazima aurudishe mwenyewe kwa hesabu: anajenga kilima cha sauti pale ambapo mfereji wako ungekijenga. Akikifanya kifupi, mwimbaji anahamia chumba cha pili. Akikifanya kirefu, mwimbaji anakupayukia usoni. Na hesabu yake anaifanya kwa kutumia sikio la wastani, sikio ambalo hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa nalo.

Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kulifikiria jambo hili kwa makini, au wote ni watu wa figo. Akaniambia habari za Mead Killion, Mmarekani aliyekuwa mhandisi wa vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri, ambaye kampuni yake, Etymotic, ilitoa iafoni za ER-4 mwaka 1991. Zinaingia ndani kabisa, karibu zikusalimie ubongo, na zilitengenezwa kwa kusudi la kuleta sikioni kile kilichorekodiwa bila nyongeza. Hebu tazama mwaka huo. Hedifoni yangu, 1991. Iafoni za mkweli huyu, 1991. Na Desemba ya mwaka huo huo Kenya ikafuta kifungu cha 2A ikaruhusu vyama vingi. Ulikuwa mwaka wa watu kutaka kusikia kila sauti! Sijui tulipotelea wapi baada ya hapo, lakini nashuku ni wakati tulipogundua besi.

Kuna pia utafiti mwingine, wa Sean Olive na wenzake katika kampuni ya Harman, ulioanza miaka ya 2010. Waliwavisha watu wengi hedifoni, wakawaachia wachague sauti wanayoipenda. Wengi, wawe wataalamu au watu wa kawaida tu, waliangukia karibu mahali pamoja. Kwa iafoni za ndani ya sikio walitaka besi zaidi kidogo kuliko kwa hedifoni. Hilo nalisema kwa uchungu, maana linampa yule kijana wa duka nusu ya haki. Lakini kulikuwa na kundi lililotaka besi ipunguzwe, na ndani yake wanawake na watu waliovuka miaka 50 walionekana zaidi. Nilimsomea mke wangu sehemu hiyo. Akasema hakuhitaji Mmarekani amwambie kwamba mimi na yeye tuko kundi moja la kuchoshwa na kelele, tofauti ni kwamba yeye hutumia dirisha: analifunga.

Basi nikajua ninatafuta nini. Si iafoni nzuri kwa jumla. Ni iafoni ambayo kile kilima chake kinakaribia cha hedifoni yangu, na besi yake inakubali kukaa chini inapoambiwa. Ukiwa na maneno hayo kichwani unaweza kujikinga na uchuuzi wa watu. Lakini kwanza nilipambana na simu yangu, ambayo haina tundu la pini. Apple waliliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, kampuni nyingine zikawacheka, halafu nyingi kati yake zikaliondoa pia. Ndivyo mambo ya dunia yalivyo na sasa mimi mstaafu natembea na adapta mfukoni. Hata adapta zenyewe ni makabila mawili. Kuna ambayo ni waya mtupu, na kuna yenye kijichipu ndani cha kugeuza namba zinazotoka kwenye simu kuwa sauti. Simu nyingine hukubali zote, nyingine hukubali yenye chipu peke yake, na nje zinafanana kabisa. Ukiuliza muuzaji ni ipi, anasema ni ya Type-C. Hilo ninaliona, bwana, nina miwani.

Wengine wataniambia ninunue zile zisizo na waya. Nimeambiwa sana. Blututhi imepewa jina la mfalme wa Denmark, Harald, wa karne ya 10, aliyesifiwa kwa kuunganisha watu wake. Kwangu imeunganisha simu yangu na spika ya jirani, kukasikika hadi kwa mashine ya mbao mahubiri niliyokuwa nayasikiliza faraghani. Zaidi ya hayo, nyingi ya zile zisizo na waya huwa zinapika sauti zenyewe ndani kabla ya kukuletea, na mpishi ni yule yule wa chumvi. Tena ni ndogo. Steji yetu wakati wa mvua ina tope la kumeza gamubuti; kipande cha ukubwa wa haragwe kikidondoka pale kitaonekana na wajukuu, watakapochimba msingi.

Nikaagiza za waya. Moondrop Chu II, kutoka kampuni ya Chengdu, China, za bei ya dola zisizofika 20. Nilizichagua kwa kuwa wanaozipima husema kilima chake kiko mahali pake na sauti ya mtu iko mbele. Zilikuja na jambo ambalo hakuna aliyenionya. Kampuni hiyo hupenda kupamba maboksi yake kwa picha ya msichana wa katuni za Kijapani, macho makubwa, nywele za kupeperuka. Mke wangu ndiye aliyepokea mzigo.

"Huyu ni nani?"

"Ni iafoni."

"Nimekuuliza huyu ni nani."

Boksi hilo sasa liko kabatini, limegeuziwa ukutani. Binti yangu alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya kwanza zilisikika nyembamba, besi hakuna kabisa, Tom Malanga amesafiri. Nilikuwa tayari kuandika barua kali. Kumbe ni vimpira. Besi kwenye iafoni za ndani inategemea tundu kuzibwa barabara. Pengo dogo tu na sauti za chini zinatoroka zote. Zilikuwa zimeletwa na vimpira vya ukubwa tofauti, na masikio yangu hayalingani: la kushoto ni la ukoo wa baba, pana na lenye uwazi, la kulia ni la upande wa mama, linabana kila kitu pamoja na habari. Kushoto nikavaa kikubwa, kulia cha kati. Njia ya kujua kama umeziba ni kuongea. Sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani kana kwamba uko ndani ya tangi, umefaulu. Na ukishafaulu, usile. Nilinunua mahindi ya kuchoma pale Njoro gari liliposimama, nikauma nikiwa nimezivaa. Ile mashine ya jirani ni mchezo. Nilisikia taya, meno, na mambo ya ndani ambayo yanapaswa kuachiwa daktari.

Kuzilinganisha na hedifoni ni kazi ya subira. Binti aliniwekea programu ya bure iitwayo Wavelet, yenye orodha ya maelfu ya hedifoni na iafoni zilizokwisha kupimwa. Unachagua yako, inarekebisha, halafu una vitelezi vya kupandisha na kushusha mwenyewe. Nikaketi, hedifoni gotini, iafoni mkononi, wimbo mmoja, kipande kimoja, kuvaa na kuvua. Kitu cha muhimu ambacho hakuna muuzaji atakwambia ni kwamba lazima zote ziwe na nguvu sawa, kwa sababu inayopiga kwa sauti kubwa zaidi, hata kwa kiasi kidogo, sikio litaiona ndiyo nzuri. Maduka yote yamejengwa juu ya udhaifu huo. Mke wangu alipita na beseni akauliza ninabadilisha nini. Nikamwambia sauti. Akasema anavyoona yeye ninabadilisha masikio, na kama ninaweza, nichague yale yanayosikia nikiitwa.

Nimefika karibu. Gitaa la kati la Les Wanyika liko pale pale, na sauti za watu zimetoka stoo. Besi inaongea, ingawa kwa hedifoni ninaihisi kwenye ngozi iliyo karibu na sikio, na kwa iafoni hakuna ngozi ya kuhisi. Hilo hakuna kitelezi chake. Matoazi yanang'aa zaidi kwenye hedifoni, na ule mlio wa kanda wa rekodi za zamani, ambao hedifoni inanionyesha kwa ukatili, iafoni inaufunika kwa heshima. Ninaweza kuishi hivyo. Fundi wa mbao jirani yangu aliomba kujaribu. Alisikiliza wimbo mzima akiwa amefumba macho, vumbi la mbao kwenye nyusi, akanirudishia na kusema, "Mwalimu, hii ni kama kukaa na watu." Halafu akaniuliza kama inaweza kuongezwa besi.

Shida niliyobaki nayo haina uhusiano na sauti. Marehemu Leonard Mambo Mbotela alianza mwaka 1966 kuuliza redioni kama huu ni ungwana, na sidhani alifikia swali la mstaafu wa Elburgon aliyezibwa masikio njiani. Hapa kwetu watu husalimiana. Huwezi kutoka posta hadi sokoni bila kuulizwa habari za mama, viazi na goti. Iafoni ni ndogo, waya wake ni mweusi, na marvin imefunika kila kitu. Kwa hiyo watu wananisalimu, ninapita nikitabasamu na Malanga. Wiki ya kwanza walisema nimeringa. Wiki ya pili walisema masikio yamekwisha, ni umri na zile mashine. Mama mmoja wa kanisa alinishika mkono pale sokoni akaniombea, kwa sauti kubwa sana, karibu na sikio la ukoo wa baba. Nikasema amina kwa sababu ilikuwa sala nzuri.

Sikuona haraka ya kumkosoa mtu. Kwenye mikutano sasa nakaa mbele na sipewi kazi ya kuandika kumbukumbu. Makanga wa matatu ananiambia nauli kwa vidole na haniambii nisonge. Hata mweka hazina wa kamati ya harambee, ambaye huwa ananiona kutoka mbali kuliko mwewe, alinipita karibu na benki Ijumaa iliyopita, akatikisa kichwa kwa huruma, hakusema neno. Nilikuwa bado nashukuru simu iliponguruma mfukoni. Alikuwa amenitumia ujumbe: namba ya Paybill, namba ya akaunti, kiasi ambacho kamati imenipangia, na chini yake, kwa herufi kubwa ili nisome vizuri, POLE MWALIMU.